Kusimamisha kreni: miguu, pedi na pimamaji kabla ndoano haijapanda

Ukifika saiti na kreni, anayekupokea getini tayari ameshaamua utasimama wapi. "Bosi, weka hapo hapo. Bimu mbili tu, nusu saa umeondoka." Mahali anapokuonyesha ni pale ambapo hutamzuia fundi mwingine wala lori la zege. Kuna nini chini ya hapo, hajaulizwa na mtu, na hajajiuliza.

Mwongozo huu ni wa kreni za matairi, hasa hizi za lori za tani 25 hadi 50 zinazokodishwa kwa siku mijini kwetu. Kreni hizi husimama kwa miguu ya chuma inayotolewa pembeni na kukanyaga chini. Kreni za siku hizi zina kompyuta inayojua urefu wa bumu (mkono mrefu unaoinua mzigo), pembe yake na uzito ulioko kwenye ndoano, na ukizidisha inapiga kelele na kukata mwendo. Haijui udongo. Hata cheti cha ukaguzi kutoka OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), ambacho ni lazima uwe nacho Tanzania, kinazungumzia chuma, waya na breki. Hakizungumzii kiwanja utakachoingia kesho asubuhi. Sehemu hiyo ya kazi ni yako na riga wako, yule anayefunga mizigo kwenye ndoano, na inafanyika mkiwa mnatazama chini.

Hatua ya kwanza: tembea, kreni ibaki nje

Shuka na nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu, nyundo na tepu ya kupimia. Zunguka eneo lote ambalo miguu itakanyaga, kisha ongeza mita mbili tatu pembeni.

Mjini kitu cha kwanza ninachotafuta ni karo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaungwa kwenye mtandao wa maji taka. Kila kiwanja kina karo lake, likijaa linachimbwa jingine, na lile la zamani linafunikwa na kusahaulika. Pevingi ikishalazwa juu, huoni kitu. Mwaka mmoja tulikuwa Sinza, kiwanja cha kona, tunapandisha tangi la maji juu ya ghorofa ya nne. Nilishauliza kama chini pako salama, nikajibiwa pako salama. Nimeanza kutoa miguu, mama anayeuza chapati nje ya ukuta akaniita: "Baba, hapo mnapoweka hicho chuma ndipo gari la maji taka lilipokuwa linanyonya." Tukaacha kila kitu tukagonga kwa nyundo. Pevingi za pembeni zililia kavu, tak. Zile za hapo zililia kama ngoma. Tulipozing'oa tukakuta mfuniko wa zege usiozidi inchi nne, na chini yake shimo tupu ambalo tochi haikufika mwisho. Tulisogeza kreni mita tano na chapati za siku ile zikaisha mapema. Tangu hapo, nikifika mahali nauliza mlinzi na mama lishe kabla sijaangalia michoro.

Kwa hiyo gonga, na usikilize. Kisha choma nondo. Ikizama kwa nguvu za mikono hadi nusu, hapo hapafai kukanyagwa na mguu bila kazi ya ziada. Ukiona udongo wa rangi tofauti na wa pembeni, nyufa zilizonyooka kama mstari, majani mabichi sehemu moja wakati kwingine pamekauka, au unyevu usioeleweka umetoka wapi, chukulia kuna bomba au mtaro uliofukiwa.

Kifusi kinachojazwa kuzunguka msingi mpya ndicho kinachodanganya wengi. Kwa juu kimesawazishwa vizuri, hata gari dogo linapita, lakini kilimwagwa kwa tipa bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Usiweke mguu hapo. Na kama kuna mtaro au shimo la msingi lililo wazi, kaa mbali nalo kwa umbali usiopungua kina chake: shimo la mita 2, mguu uwe mita 2 au zaidi kutoka ukingoni. Hiyo ni kwa udongo ulioshikamana. Kwenye mchanga au kifusi, zidisha mara mbili, na hata hapo mwite mhandisi.

Udongo nao una tabia zake. Mchanga wa pwani, Kigamboni au Mbezi Beach, unabeba vizuri ukiwa umeshikana na mkavu, ila wakati wa masika maji yako karibu sana chini na mguu unaweza kuanza kudidimia taratibu baada ya saa mbili za kazi, wakati wote mmeshasahau. Ule udongo mweusi wa mbugani, ambao wenzetu wa Nairobi na Athi River wanaujua vizuri, kiangazi ni mgumu kama tofali na umejaa nyufa. Mvua moja ikinyesha unakuwa uji. Usiuamini kwa sababu ulifanya kazi hapo mwezi wa tisa. Moramu iliyoshindiliwa ndiyo rafiki yako.

Mwisho inua macho. Nyaya za umeme zinaamua wapi usimame kabla ya udongo kuamua. Kanuni za Marekani zinataka angalau futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kwenye laini ya hadi kilovolti 50, na laini nyingi za mitaani kwetu ni za kilovolti 11 na 33. Umbali huo unapimwa kutoka pale bumu, waya au mzigo vinapoweza kufika, wala si kutoka pale unapokusudia kuvipeleka. Mimi hukaa mbali mara mbili ya hapo, na ikishindikana kazi inasubiri TANESCO wazime.

Hatua ya pili: hesabu, hata kwenye kipande cha boksi

Watu wengi wanaruka hapa wakisema wana uzoefu. Hesabu yenyewe ni ya dakika tano.

Kreni ya tani 25 inaitwa hivyo kwa sababu ya uwezo wake wa juu kabisa, bumu ikiwa fupi na mzigo ukiwa karibu. Uzito wake wenyewe ni kitu kingine. Tuseme yako ina tani 30. Mzigo ni tani 5. Ndoano, slingi (mikanda au nyaya za kufungia mzigo) na pingu zake, nusu tani. Jumla tani 35 na nusu.

Miguu ni minne, basi kila mmoja unabeba karibu tani 9? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Bumu ikizunguka na kuelekea kona, mguu wa kona hiyo peke yake unaweza kubeba robo tatu ya uzito wote. Robo tatu ya 35.5 ni kama tani 27. Kitabu cha mtengenezaji kikikupa namba ya mguu, tumia hiyo hata kama ni kubwa zaidi. Usipokuwa nacho, robo tatu ni mahali pa kuanzia.

Kiatu cha mguu, ile sahani ya chini inayokanyaga, chenye kipenyo cha sentimita 40 kina eneo la mita ya mraba 0.126. Tani 27 juu ya hapo ni zaidi ya tani 210 kwa mita ya mraba. Hakuna uwanja wa kawaida unaobeba hivyo. Ukiweka chini ya kiatu pedi ya mita 1 kwa mita 1, inakuwa tani 27 kwa mita ya mraba. Ya mita 1.2 kwa 1.2 inashuka hadi karibu 19, na ya mita 1.5 kwa 1.5 inafika 12.

Sasa linganisha na chini. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, mfinyanzi laini hubeba chini ya tani 7.5 kwa mita ya mraba, mfinyanzi ulioshikana kiasi 7.5 hadi 15, mchanga uliolegea chini ya 10, mchanga ulioshikana wastani 10 hadi 30, changarawe iliyoshindiliwa 20 na kuendelea. Namba hizi si ruhusa. Ni za kukuonyesha haraka kwamba kreni yako, mzigo wako na kiwanja kile havielewani, ili upunguze mzigo, usogee karibu, ukubwa wa pedi uongezeke, au umwite mtu wa kupima udongo.

Utasikia pia: "Mbona tipa la mchanga limepita hapo asubuhi?" Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, haitakiwi kuzidi tani 10. Yaani tani 5 kila upande, tena kwa kupita. Wewe unakuja na tani 27 mahali pamoja, na unakaa kutwa.

Hatua ya tatu: pedi na mataruma

Pedi iwe ngumu kiasi cha kutopinda. Ubao wa inchi mbili hata ukiwa na upana wa mita moja na nusu utakunja ncha zake juu kama sahani, na kinachobeba ni kile kipande cha katikati chini ya kiatu. Kwa mbao zilizopangwa kwa kupishana, kadiria kwamba mzigo unatawanyika kwa nyuzi 45: kila sentimita 20 za unene zinakupa sentimita 20 za ziada kila upande. Kiatu cha sentimita 40 juu ya tabaka moja la sentimita 20 kinatumia sentimita 80 tu za chini. Matabaka mawili, sentimita 120. Ndiyo maana pedi kubwa nyembamba ni hasara ya pesa.

Ukitumia mataruma ya mbao, yanunue kwa risiti, maana mali ya reli haina mzaha mahakamani. Yabane yakae ubavu kwa ubavu, bila nafasi kati yake, na tabaka la juu lipite kinyume cha la chini. Tupa lililooza, lenye ufa wa kupitiliza au lililolowa oili. Matofali, vipande vya zege na mawe havitakiwi chini ya mguu. Tofali halitoi onyo, linapasuka.

Kabla ya kulaza, chimba kidogo utoe udongo laini wa juu na ukate chini pawe sawa, ili pedi ikae yote. Mahali penye mteremko kata ngazi ndani ya udongo. Usiweke pedi ikiwa imelala upande halafu ukategemea kiatu kijirekebishe. Ukijaza, jaza kwa moramu au kokoto na ushindilie.

Na pedi iwe chini ya kiatu, katikati kabisa. Kuna watu wanaona kiatu hakifiki vizuri wanasukuma gogo chini ya boriti ya mguu, karibu na chesi. Hapo umefupisha msingi wa kreni bila kompyuta kujua: yenyewe inahesabu mguu umesimama mita 3 kutoka katikati, kumbe umeegemea mita 2.

Hatua ya nne: kutoa miguu

Breki ya mkono, gia huru, kabari kwenye matairi, pitio (PTO, gia ya kupeleka nguvu ya injini kwenye mitambo ya kreni) ndani. Watu wote watoke pembeni, na anayeshika levi za miguu awe anauona mguu anaousogeza, au awe na mwenzake upande wa pili wanayeonana macho kwa macho. Kuna vidole vingi vya mikono vilivyobaki kati ya kiatu na pedi kwa sababu mtu alikuwa "anaiweka sawa kidogo". Pedi inasogezwa kwa mtaimbo au kwa kamba.

Toa boriti hadi mwisho, pande zote, na uchomeke pini. Kama ukuta au barabara haikuruhusu kufika mwisho, kreni nyingi zina kituo cha katikati chenye tundu lake la pini na chati yake ya mizigo. Tumia kituo hicho hasa, tumia chati hiyo hasa, na uiambie kompyuta. Katikati ya vituo, pasipo na tundu, hapana chati, kwa hiyo hapana kazi. Pima pia mkia: nyuma ya kauntaweti (uzito wa nyuma unaosawazisha mzigo) inapozunguka, iache angalau sentimita 60 kutoka kwenye ukuta au nguzo, au uzungushie utepe mtu asipite.

Hatua ya tano: kuinua na kusawazisha

Shusha jeki hadi viatu viguse pedi, hakikisha kila kiatu kimefungwa pini yake, kisha inua taratibu mbili mbili kwa mpangilio wa kitabu chako. Matairi yote yatoke chini. Fimbo ipite chini ya kila tairi. Tairi linalogusa linabeba kidogo, linadunda kidogo, na chati yako haikuhesabiwa hivyo. Usipande juu zaidi ya lazima, kwani jeki iliyotoka hadi mwisho haina akiba ya kukusaidia mguu ukididimia. Upande wa bondeni uongezee pedi, usimalize jeki. Kama kreni yako ina mguu wa tano chini ya bampa ya mbele, huo unashuka mwisho na kupanda kwanza, na si wa kusawazishia.

Sasa kiputo, kile kipovu cha hewa ndani ya pimamaji. Kiputo hukimbilia upande ulio juu. Inua upande ulio chini, ule kilioukimbia, kwa kugusa levi na kuachia, kugusa na kuachia, ukisubiri kitulie. Anayeshikilia levi kwa mkono mzito atakizungusha kiputo asubuhi nzima. Kwanza sawazisha kushoto na kulia, ndipo mbele na nyuma, kisha rudi kuangalia kushoto na kulia maana kimeshahama.

Watengenezaji wengi wanaruhusu mwinamo usiozidi asilimia 1. Miguu ikiwa imeachana mita 6, hiyo ni tofauti ya sentimita 6 kati ya upande na upande. Inaonekana ndogo ukiwa chini. Panda nayo juu: ncha ya bumu iliyoko mita 30 juu inahama sentimita 30 pembeni. Kwa nyuzi 3, ambazo jicho kwenye uwanja wa mteremko halizioni kabisa, ncha inahama zaidi ya mita moja na nusu. Mzigo haupo tena pale chati inapodhani upo, na bumu, ambayo imetengenezwa kubeba kwa kusimama, inaanza kuvutwa ubavuni. Kreni ikiinama, mzigo unaenda nje, unaibonyeza zaidi upande ule ule, nayo inainama zaidi. Tarehe 3 Agosti 2015 huko Alphen aan den Rijn, Uholanzi, kreni mbili zilizosimama juu ya matishari (vyombo vya majini vyenye sitaha bapa) zilikuwa zinashusha kipande cha daraja. Zikapinduka pamoja na mzigo, zikalalia nyumba za ukingoni. Tishari liko mbali na saiti zetu, lakini pedi juu ya udongo ulioloa maji nayo huenda upande kwa mtindo ule ule.

Usiamini kiputo cha kwenye paneli peke yake. Vingi vimegongwa, vimelegea au vimefifia kwa jua. Weka pimamaji ndefu juu ya sahani ya mzunguko, pale sehemu ya juu ya kreni inapozungukia, kwa urefu na kwa upana. Halafu fanya kipimo cha wazee: inua bumu, acha ndoano ining'inie bila mzigo na itulie, kisha simama nyuma ya kreni uangalie waya dhidi ya mstari wa katikati ya bumu. Waya ni timazi, haujui uongo. Geuza bumu nyuzi 90, angalia tena. Waya ukitoka pembeni ya bumu upande mmoja, rudi kwenye levi.

Hatua ya sita: jaribio

Chora mstari wa chaki kwenye jeki, au chomeka kipande cha nondo pembeni ya kila pedi na uweke alama ya kimo. Zungusha bumu tupu polepole juu ya kila mguu. Kisha inua mzigo sentimita 10 hadi 20 tu, upeleke juu ya mguu utakaobeba zaidi, na subiri dakika tano. Riga atazame alama. Ikishuka na kutulia, shusha mzigo, sawazisha upya, rudia. Ikishuka na kuendelea kushuka, shusha mzigo na ufungashe. Mguu huo unahitaji pedi nyingine au mahali pengine. Usisawazishe kamwe mzigo ukiwa hewani.

Tazama pia mguu wa upande wa pili. Kiatu chake kikianza kucheza kwenye pedi, ukikisukuma kwa fimbo kinatikisika, kreni inakuambia imebaki na akiba ndogo.

Wakati wa kazi, kagua alama na kiputo baada ya mzigo mzito wa kwanza, baada ya chakula cha mchana, baada ya mvua yoyote, na kila unapobadilisha upande wa kuinulia. Asubuhi ya siku ya pili, anza upya hata kama hukuhamisha kitu. Jeki inaweza kuwa imevuja usiku, na maji ya bomba lililopasuka kwa jirani hayatoi taarifa.

Hatua ya saba: kufunga

Bumu ndani na chini kwanza, ndipo miguu. Rudisha matairi chini, kusanya jeki, kisha boriti, na uchomeke kila pini kwa mkono wako ukiisikia imelia mahali pake. Boriti isiyo na pini inaweza kuchomoka kwenye kona ya barabara na kufagia bodaboda na waenda kwa miguu kabla dereva hajajua. Osha pedi, zigeuze, zikague tumbo. Ile iliyoanza kupasuka ipige msumeno pale pale, vinginevyo utaikuta tena kwenye lori wiki ijayo.

Msimamizi wa saiti atakuwa amekasirika kwamba nusu saa imekuwa saa mbili. Mwandikie kwenye karatasi ya kazi: dakika za kusimamisha, dakika za kuinua. Mara ya pili akikuita atakuwa amekutafutia mahali pazuri mwenyewe.